Kuondoa theluji na barafu kwenye gari

Kuondoa theluji na barafu kwenye gari ni kazi ambayo dereva wa nchi za baridi hulazimika kuifanya kabla ya kuanza safari, iwapo gari lake lililala nje wakati wa majira ya baridi. Hufanyika hasa Kanada, sehemu za kaskazini za Marekani, Ulaya ya kaskazini na ya kati, Urusi na Japani. Lengo lake ni dereva aweze kuona vizuri, na pia theluji isiporomoke juu ya watumiaji wengine wa barabara.

Theluji, barafu na sakitu

Watu huvichanganya vitu hivi vitatu, lakini kila kimoja huondolewa kwa namna yake. Theluji iliyoanguka karibuni huonekana nyepesi, ila uzito wake hudanganya: mita moja ya ujazo huwa na takriban kilo 100. Hivyo paa la gari lenye eneo la mita za mraba 2, likifunikwa kwa kina cha sentimita 30, hubeba kilo 60 hivi. Barafu hutokana na mvua inayoganda inapogusa gari, au na theluji iliyoyeyuka mchana na kuganda tena usiku.

Sakitu ni tabaka jembamba jeupe la mvuke wa hewani ulioganda juu ya kioo. Usiku usio na mawingu kioo hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana sakitu huweza kutokea hata kipimajoto kikionyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, na gari lililoegeshwa chini ya mti au banda mara nyingi husalimika. Wakulima wa Makete na Kinangop wanaijua sakitu kwa jinsi inavyounguza viazi shambani.

Namna ya kuondoa

Dereva huanza na paa, kwa brashi yenye mpini mrefu. Akianza na vioo, theluji ya juu itavifunika upya. Kisha husafisha boneti, vioo vyote, taa na namba za gari. Barafu iliyoshika kioo hukwaruliwa kwa kipande cha plastiki ngumu, kwani chuma huchora kioo. Waipa zilizoganda zisiwashwe kabla ya kubanduliwa, maana mpira wake huchanika na mota huweza kuungua. Wengine huziinua tangu jioni.

Kumwaga maji ya moto ni kosa la kawaida la mtu asiyezoea baridi. Kioo baridi kikipata joto la ghafla huweza kupasuka, na maji yanayobaki huganda tena. Dawa za kunyunyizia hutegemea alkoholi, kwa sababu haigandi upesi: ethanoli huganda kwenye nyuzi -114 tu. Dawa zenye ethilini glikoli ni sumu, na ladha yake tamu huwavutia mbwa na paka.

Hatari ya moshi

Hatari kubwa zaidi haionekani. Theluji ikiziba bomba la moshi huku injini ikiunguruma, monoksidi ya kaboni huweza kuingia ndani ya gari. Gesi hii haina rangi wala harufu. Januari 2016, katika mji wa Passaic, jimbo la New Jersey, mama na mtoto wake wa mwaka mmoja walikufa wakiwa wameketi garini wapate joto, wakati baba akiondoa theluji hatua chache tu nje. Kwa hiyo bomba la moshi husafishwa kwanza, kabla ya kuwasha injini.

Sheria

Nchini Uingereza mwongozo wa barabarani unataka vioo vyote visafishwe, pamoja na theluji yoyote inayoweza kuangukia wengine. Kutoboa kijitundu cha kuchungulia hakutoshi. Ujerumani pia hutoza faini kwa jambo hilo, na hairuhusu kuacha injini ikiunguruma bila sababu ili kuyeyusha barafu. Katika jimbo la Pennsylvania, ambako mwanamke mmoja aliuawa siku ya Krismasi 2005 na barafu iliyoruka kutoka juu ya lori, sheria ya mwaka 2022 inamtaka dereva asafishe gari ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka.