Mfalme mtoto na wamama wa Tokyo

Cheki hii. Kijana hajafikisha hata miaka miwili, tayari ni mfalme wa Japani. Aliitwa Antoku, na alipewa kiti 1180 kwa sababu babu yake, Taira no Kiyomori, alitaka ukoo wake ushike nchi. Mtoto mwenyewe alikuwa muhuri tu. Miaka mitano baadaye, 1185, ukoo wa Minamoto uliwamaliza Wataira kwenye vita vya majini pale Dan-no-ura. Nyanya yake alipoona mambo yameisha, alimkumbatia akaruka naye baharini. Antoku alikuwa na miaka sita.

Sasa huyo mtoto ambaye wakubwa walishindwa kumlinda ndiye anaombwa leo alinde watoto wa wengine.

Hekalu lenyewe la Shinto linaitwa Suitengu. La kwanza liko Kurume, kisiwa cha Kyushu, na inasimuliwa kwamba lilianzishwa na mwanamke wa nyumba ya mfalme aliyeponea vita. Mwaka wa 1818, mtawala wa Kurume wa ukoo wa Arima alijenga tawi lake Edo, mji tunaouita Tokyo leo, lakini ndani ya boma lake. Raia wa kawaida hawangeingia vile wanataka. Walifunguliwa lango tarehe tano ya kila mwezi, na watu walijaa ajabu. Hekalu lilihamia lilipo sasa 1872.

Mwenye mimba huenda akifika mwezi wa tano, siku ya mbwa kwenye kalenda ya zamani, ambayo hurudi kila baada ya siku 12. Mbona mbwa? Wanasema mbwa huzaa bila shida. Anapewa kitambaa cha kufunga tumbo, na nje kuna sanamu ya mbwa na mtoto wake ambayo watu wanaipapasa. Mtoto akizaliwa, familia inarudi naye kushukuru.

Wengine wataita hii ushirikina wakaendelea na maisha. Mimi naona ni haraka sana. Kuna kitu kimoja kimenikwama: Antoku haombwi peke yake. Mama yake, aliyevutwa kutoka majini akiwa hai akaishia kuwa mtawa, naye anaombwa hapo. Na nyanya pia, yule yule aliyeruka naye.