Utambuzi wa mmea wa bustani kabla ya kuchanua

Utambuzi wa mmea usio na kibandiko kabla ya kuchanua hutegemea shina, majani, harufu na utomvu, kwa kuwa maua, ambayo viungo vyake vya uzazi ndivyo mwanabotania Carl Linnaeus alivyovitumia mwaka 1735 kuainisha mimea, bado hayajaonekana. Huanzwa na mpangilio wa majani, ambayo huweza kukabiliana mawili mawili kwenye kifundo, yaani sehemu ya shina inayochipua jani, au kupishana. Mrihani, kwa mfano, una majani yanayokabiliana, shina la pembe nne na harufu kali, dalili ambazo kwa pamoja huelekeza kwenye familia ya Lamiaceae, ingawa pembe nne peke yake si ushahidi wa kutosha.

Jamii ya michungwa hudhihirisha vizuri zaidi thamani ya jani, kwani likiinuliwa kwenye mwanga huonyesha vitone angavu, ambavyo ni tezi za mafuta, na kikonyo chake, yaani kijiti kinacholishikilia, huwa na mbawa pana katika mbalungi, nyembamba katika mchungwa, na karibu hazionekani katika mlimau. Hata hivyo, katika mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mmea mwingine, chipukizi lililoota chini ya kiungio hubeba sifa za shina la chini, hivyo ni lazima lichunguzwe jani lililo juu ya kiungio hicho.

Utomvu nao hufaa, lakini ule mweupe wa mnyaa hudhuru macho vibaya, na mmea usiojulikana haupaswi kamwe kuonjwa.