Mawimbi yaliyosahaulika ndani ya programu

Leo tuweke kando lugha za programu twende baharini. Msiondoke lakini, mwishoni tutarudi kwenye kompyuta, maana hii ni hadithi ya ingizo moja lililoachwa nje ya programu kwa miaka mingi.

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba wimbi halibebi maji: chupa inayoelea hupanda na kushuka pale pale. Ni kweli, karibu. Mwaka 1847 George Stokes, mwanahisabati wa Cambridge, alionyesha kwa hesabu kwamba chembe ya maji huzunguka kwenye duara lisilofunga. Ikiwa juu huenda mbele kwa kasi zaidi kidogo kuliko inavyorudi ikiwa chini, hivyo kila wimbi likipita chembe hubaki imesogea. Msogeo huo ni mkubwa juu kabisa na hupungua haraka kadiri unavyoshuka. Hilo la mwisho mlikumbuke.

Turuke hadi 1927. Irving Langmuir, mkemia Mmarekani wa kampuni ya General Electric (alipata Tuzo ya Nobel 1932), alikuwa melini akivuka Atlantiki. Akaona mwani unaoelea umejipanga mistari mirefu kufuata upepo. Upepo ulipogeuka, mistari nayo ikajipanga upya kwa dakika 20 hivi. Mwingine angeendelea na chai yake. Yeye alikwenda Lake George, jimbo la New York, akafanya majaribio kwa rangi na vitu vya kuelea, na 1938 akachapisha matokeo katika jarida la Science. Chini ya uso, maji hujiviringisha kama magogo marefu yaliyolala kufuata upepo, kila gogo likizunguka kinyume cha jirani yake. Pale maji ya magogo mawili yanapokutana na kuzama, vinavyoelea hubaki juu na kukusanyika. Ndio mstari huo.

Lakini kwa nini maji yajiviringishe? Jibu lilikuja 1976 kutoka kwa Alex Craik na Sidney Leibovich. Mkondo unaosukumwa na upepo haukimbii sawasawa. Mahali una kasi, pembeni yake unachelewa, na tofauti hizo huzaa vizunguko vidogo vilivyosimama wima. Msogeo wa Stokes, kwa kuwa juu ni mkubwa kuliko chini, huvivuta vizunguko hivyo na kuvilaza. Hapo magogo yanazaliwa. Upepo peke yake hautoshi. Lazima mawimbi yawepo.

Mwaka 1997 James McWilliams, Peter Sullivan na Chin-Hoh Moeng waliliingiza wazo hilo kwenye kompyuta. Waliiga tabaka la juu la bahari kwa upepo ule ule, mara na mawimbi, mara bila. Penye mawimbi, maji yalipanda na kushuka kwa nguvu zaidi na kuchanganyika zaidi.

Sasa turudi kwenye fani yetu. Bahari imemeza takriban asilimia 90 ya joto la ziada ambalo dunia imelihifadhi kutokana na gesi tunazotoa, na joto hilo hupitia tabaka hilo hilo la juu. Modeli ya tabianchi hugawa bahari katika visanduku vya upana wa makumi ya kilomita. Magogo ya Langmuir hupishana kwa mita chache hadi mamia ya mita, kwa hiyo hayaonekani. Inabidi yawakilishwe kwa fomula. Na fomula zilizozoeleka ziliuliza upepo na joto tu. Mawimbi hayakupitishwa kwenye funksheni!

Matokeo yake, modeli nyingi zilionyesha tabaka hilo kuwa jembamba mno katika Bahari ya Kusini, hasa majira ya joto. Mwaka 2016 Qing Li na wenzake walichapisha kazi iliyounganisha modeli ya mawimbi ya WAVEWATCH III na modeli ya tabianchi ya CESM, na kosa hilo likapungua.

Lakini msishangilie mapema. Mtengeneza programu anajua: namba zikikataa, mtu huchezea vigezo hadi zikubali. Fomula za zamani zilirekebishwa kulingana na vipimo vya bahari yenye mawimbi, kwa hiyo ukiongeza mawimbi juu yake unaweza kuyahesabu mara mbili. Kuongeza ingizo ni kazi ya mchana mmoja. Kuvifungua vigezo vyote vilivyofungwa kwa kukisia ndiyo kazi yenyewe.

Siku ya upepo ukiona povu limejichora mistari majini, sasa unajua kinachoendelea chini yake. Tuonane wakati mwingine.