Jembe na Wembe: Habari za Mashine ya Kunyolea yenye Meno, na Jinsi Wembe Ulivyofika Wanging'ombe

Mambo makubwa ya historia, kama vita, milki na safari za wafanya biashara, yameandikwa sana. Vyombo vidogo ambavyo watu huvishika kila siku mikononi mwao havikupata bahati hiyo. Hata hivyo chombo kidogo chaweza kutufunulia mengi juu ya maisha ya watu, maana hakitengenezwi ili kiandikwe katika vitabu, bali hutengenezwa ili kitumike. Katika makala haya nataka kueleza habari za wembe: jinsi ulivyokuwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, jinsi ulivyotiwa meno huko Ulaya na Marekani, na jinsi ulivyofika Wanging'ombe ukiwa umeyaacha meno hayo njiani. Swali langu ni moja tu: ulaini wa kunyoa watoka wapi? Je, umo katika chuma, au umo katika kitu kingine?

I. Neno lenyewe

Yafaa tuanze na lugha. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulitoa neno wembe na neno jembe katika shina moja la kale, yaani -gembe. Shina hilo likiwekwa katika ngeli ya vitu vipana latupa jembe; likiwekwa katika ngeli ya vitu vyembamba, ambayo zamani kiambishi chake kilikuwa lu-, latupa wembe. Katika Kiswahili sauti ya l imepotea, lakini ndugu zetu wameihifadhi: Wabemba husema ulwembe, na Wanyarwanda husema urwembe. Basi wazee wetu waliona kwamba chuma ni kile kile. Kikilima shamba kina jina lake, na kikilima kichwa kina jina lake. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalikuta tena mahali ambapo hakulitazamia.

Mithali nazo ni ushahidi. Tunasema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Sisi huifahamu kuwa ni onyo la kujiweka tayari kwa jambo litakalotufika. Lakini chini ya onyo hilo pana ujuzi wa kazi: nywele zikilowa hufura na kulainika, nao wembe hupita bila kuzivuta. Tena twasema, "Kinyozi hajinyoi," maana kwa wembe wa kale ilikuwa vigumu mtu kukifikia kisogo chake mwenyewe. Alihitaji mkono wa mwenziwe. Na mithali ya tatu, "Mtoto akililia wembe, mpe," yatukumbusha kwamba wembe wa wakati ule haukuwa na kinga yo yote. Aliyeushika bila ya ujuzi alifundishwa na damu yake.

II. Wembe wa mhunzi

Nchi ya Wanging'ombe ni sehemu ya Ubena. Upande wa kusini na magharibi wake wanakaa Wapangwa na Wakinga, watu waliojulikana tangu zamani kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Majembe ya Wakinga yalishuka milima mpaka kwa Wanyakyusa, yakabadilishwa kwa chakula na mifugo. Katika mafundi wa namna hii, jembe na wembe vilitoka katika moto mmoja, na shina la maneno haya mawili laonekana wazi machoni.

Wembe wa mhunzi ulikuwa kipande kidogo cha chuma, kilichofuliwa hata kikawa chembamba, kisha kikanolewa juu ya jiwe. Haukuwa na mpini uliokunjwa kama wembe wa Wazungu, wala haukutupwa ulipokuwa butu, ulinolewa tena. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kazi yake ilikuwa ya heshima: kumnyoa mtoto mchanga nywele za uzazi, na kuwanyoa wafiwa baada ya msiba. Kwa hiyo kunyoa hakukuwa jambo la mtu mmoja mbele ya kioo. Kulikuwa tendo la watu wawili, mmoja ameinamisha kichwa na mwingine ameshika chuma, na katikati yao paliwekwa maji na imani. Ulaini, basi, ulikuwa sifa ya mkono wa mnyoaji.

III. Meno

Huko Ulaya watu walitafuta njia ya kumwondolea mtu haja ya kinyozi. Katika karne ya 18 fundi visu wa Ufaransa, Jean-Jacques Perret, aliufunga wembe katika kipande cha mti, akauacha ukingo mdogo tu utokeze nje, kwa mfano wa randa ya seremala. Kisha mwaka 1847 Mwingereza William Henson alipata hati ya uvumbuzi wa chombo ambacho wembe wake ulikaa kukingama juu ya mpini, badala ya kufuatana nao. Alipotaka kulieleza umbo lake, alilifananisha na jembe la kawaida. Naam, jembe! Jambo ambalo wazee wetu waliliweka katika lugha, fundi wa London alilifikia kwa njia ya pili, bila kujua neno moja la Kibantu.

Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, huko New York, walitengeneza chombo kama hicho chenye kinga mbele ya makali. Mwisho akaja King Camp Gillette. Yeye aliona kwamba wembe uweze kuwa bati jembamba la chuma, lenye makali pande mbili, la kutumika siku chache na kutupwa. Mafundi wengi walimwambia kwamba chuma chembamba namna hiyo hakiwezi kutiwa makali. William Nickerson ndiye aliyeutatua ugumu huo. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara, ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1904, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliagiza mashine milioni 3 na nusu kwa ajili ya askari wake. Mithali ya kinyozi hajinyoi ikawa imekanushwa na kiwanda.

Mashine hizo za kwanza zilikuwa za meno. Yaani sahani ya chini, inayoshika wembe, ilichongwa mbele kama kitana. Katika lugha ya Kiingereza hujulikana kwa kitana hicho. Mimi nitaziita mashine za meno, ili kuzitenga na mashine za ukingo mzima zilizokuja baadaye.

IV. Ulaini wa namna mbili

Watu wanaolinganisha mashine hizi mara nyingi hubishana bila kuelewana, kwa sababu neno ulaini lina maana mbili. Kwanza, upo ulaini wa njiani, yaani jinsi ngozi inavyohisi chuma kinapopita. Pili, upo ulaini wa mwisho, yaani jinsi kidevu kilivyo mtu akipitisha kiganja baada ya kunyoa. Mashine yaweza kuwa na mmoja ikakosa wa pili.

Meno yana kazi tatu. Huibana ngozi na kuinyosha kabla ya makali kufika. Huacha povu lipite katikati yake, ili wembe ukute nywele zingali na maji. Tena huziacha nywele ndefu zisimame, zisilazwe. Ndiyo sababu mashine ya meno humfaa mtu mwenye ndevu za siku nne au tano. Ukingo mzima hufanya kinyume: hulisukuma povu mbele, huilaza ngozi sawasawa, na humkinga mtu mwenye mkono mzito.

Lakini meno peke yake hayafanyi ukali wala upole. Mambo yanayoamua ni pengo lililo kati ya wembe na meno, kiasi ambacho makali yanachomoza, pembe ya wembe juu ya ngozi, na jinsi wembe ulivyobanwa. Wembe uliobanwa vibaya hutetemeka, na mtetemo huo ndio unaokwaruza. Katika mashine ya kwanza ya Gillette mtu aliweza kuulegeza mpini kidogo, pengo likazidi na mashine ikawa kali. Kwa hiyo ulaini wake ulitegemea mwenye kuitumia. Mashine iliyotolewa mwaka 1930, nayo ya meno, ilibana wembe kwa nguvu zaidi, na wengi wanaoikusanya siku hizi huisifu kwa kuunganisha ulaini wa njiani na ule wa mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaja mashine iitwayo Tech, ya ukingo mzima, iliyo pole mno. Mpaka leo viwanda vya Ujerumani, kama Merkur na Mühle, vinatengeneza mashine za meno; ile ya Mühle iitwayo R41 yajulikana kwa ukali wake. Kwa hiyo asemaye kwamba meno ni ukali amekosea, na asemaye kwamba meno ni ulaini amekosea vile vile.

V. Wembe uliokuja peke yake

Sasa turudi Ubena. Katika wakati wa utawala wa Waingereza wilaya ya Njombe ilikuwa chimbuko la vibarua. Vijana wengi walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda chombo chao cha kuandikisha watu. Mwaka 1949 kampuni ya miwati ilianzishwa Njombe kwenyewe. Fedha ya mshahara ikaingia vijijini, na pamoja nayo bidhaa ndogo za dukani: sabuni, kibiriti, sindano, wembe.

Hapa ndipo ilipo habari yangu. Mashine ilikuwa na bei ya kitu cha kudumu. Wembe ulikuwa na bei ya kitu cha kupita. Basi mtu wa kijijini alinunua wembe, akaiacha mashine dukani. Bati lile jembamba, lililobuniwa ili likae kati ya sahani mbili na kulindwa na meno, likafika katika vidole vitupu. Watu walilivunja katikati kwa urefu, wakalishika upande mmoja, wakalitumia kunyolea, kukatia kucha, kufumulia nguo na kuchongea penseli. Chombo kilichoitwa cha usalama kikawa kimefika bila ya usalama wake.

Hata hivyo meno hayakupotea kabisa. Mnyoaji wa kijijini aliweka kitana katika nywele, kisha akapitisha wembe juu ya meno ya kitana hicho. Mkono wa kushoto ulipima urefu na kuikinga ngozi. Mkono wa kulia ulikata. Tukiangalia kwa makini, hiyo ndiyo mashine ya meno yenyewe, imevunjwa vipande viwili na kugawiwa mikono miwili. Hakufundishwa na kiwanda. Kazi yenyewe ilimfundisha.

Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilipita Makambako, na bidhaa zikapata njia nyingine. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi nzima iliona uhaba wa vitu vya dukani, na sabuni yenyewe ikawa haba. Katika nyanda zenye baridi kali mwezi wa Juni na Julai, mtu asiye na sabuni wala maji ya moto hujua vizuri kwamba wembe mpya hausaidii kitu juu ya nywele kavu.

VI. Wembe mmoja, vichwa vingi

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Tanzania, katika Kagera. Baadaye ugonjwa huo uliielemea Njombe kuliko mikoa mingine: uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012, ambapo mkoa wa Njombe ulianzishwa, ulionyesha watu 14.8 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kuwa na virusi. Na ule wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha 12.7 katika watu wazima. Njia kubwa ya maambukizo ni kujamiiana, wala si wembe. Haifai kuwadanganya watu katika jambo hilo. Lakini damu iliyobaki katika makali ina hatari, na virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili muda wa siku 7. Kwa hiyo wauguzi na walimu walihubiri neno moja: kila mtu na wembe wake.

Neno hilo liligusa desturi. Msiba uliokuwa na wembe mmoja kwa vichwa vya ukoo mzima ulilazimika kuwa na nyembe nyingi. Wako wazee walioona kwamba umoja umekatwa. Mimi naona vingine. Kinga ambayo fundi aliitia katika meno, nayo ikaachwa dukani, imerudi kwa umbo la kanuni: wembe mpya hufunguliwa mbele ya macho ya anayenyolewa.

Basi jibu la swali letu ni hili. Chuma hakina ulaini. Kazi ya chuma ni kukata. Ulaini umo katika kile kilichowekwa kati ya chuma na mtu: maji, povu, meno, mkono wenye ujuzi, na heshima kwa mwili wa mwenzako. Jembe bila mkulima huharibu shamba, na ndugu yake wembe ni vivyo hivyo.