Munganga wa Kijiji na Munganga wa Hospitali

Katika Kiswahili chetu cha Kongo, tukisema "munganga", wengi wanaelewa daktari wa hospitali. Zamani jina hilo lilikuwa la mzee aliyejua dawa za miti. Daktari alipofika tulimpa jina lile, na mzee akabaki anaitwa mufumu, sawa na mpiga ramli, hata kama kazi yake ni kutwanga majani tu.

Wakati wa Wabelgiji, leta na wamisioni walijenga hospitali na dispansari, na watu wengi waliponyeshwa malale. Lakini dawa za wazee zilitiwa katika fungu moja na uchawi. Ajabu ni kwamba kwinini yenyewe ni dawa ya mti! Ganda la kinkina lilitoka milima ya Andes, ambako watu walilitumia juu ya homa. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga kwinini ndani yake. Baadaye mti huo ulipandwa huku kwetu Kivu, na Bukavu ikapata kiwanda cha kwinini.

Mwaka 1978, mkutano wa Alma-Ata juu ya afya ya msingi ulitaja waganga wa jadi kati ya watu wanaoweza kusaidia pale wanapohitajiwa, pamoja na madaktari, wauguzi na wakunga. Katika Zaïre ya wakati ule watafiti walikuwa wakiwachunguza waganga hao, na ripoti yao ilitoka mwaka 1980. Halafu nchi iligawanywa katika zone za afya 306. Mwaka 2000, huko Ouagadougou, mawaziri wa afya wa Afrika walikubali mpango wa kuendeleza dawa za asili, na tangu 2003 tarehe 31 Agosti ni siku yake.

Kwa karatasi, basi, mlango uko wazi. Lakini mgonjwa wetu angali anapita njia mbili zisizoonana. Mama anamleta mtoto kituoni. Hasemi kama amemnywesha mubirizi, wala kama mtoto amekatwa kilimi, juu anaogopa kugombezwa. Muuguzi anatibu bila kujua. Mwingine anakaa na mtoto wa degedege kwa mzee siku tatu, na malaria inazidi kupanda kichwani. Hapo kinachoua ni kimya.

Sisi hatusemi kila jani ni dawa. Kipimo lazima kijulikane, na kukata kilimi lazima kuachwe. Lakini tunaomba mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: muuguzi aulize kwa upole, "Umeshatumia dawa gani nyumbani?" na aandike jibu katika fishi, na mzee aonyeshwe alama za hatari, ili ampeleke mgonjwa mapema. Munganga wawili wakisalimiana, mgonjwa hatakuwa na sababu ya kuficha.