Boila ya kuni ya nje: Spea 5 za kuwa nazo kabla baridi haijaanza

Kwenye mashamba ya kaskazini mwa Marekani na Kanada, wapo wanaopasha nyumba joto kwa boila ya kuni inayokaa nje. Moto unapasha maji, pampu inayasukuma hadi ndani kwa mabomba ya chini ya ardhi. Kifaa kimoja kikifa usiku wa Januari, maduka yamefungwa na maji yanaweza kuganda yakapasua mabomba. Weka spea hizi mapema:

1. Pampu: ikisimama, kuni zinawaka bure, ndani baridi.
2. Feni: bila hewa yake moto unafifia.
3. Thamostati: ndiyo inayowasha na kuzima feni.
4. Gasketi ya mlango: ikichakaa hewa inapenya, kuni zinaisha haraka na maji yanaweza kuchemka.
5. Fyuzi: bei ndogo, lakini ikiungua kila kitu kinazima.

Usinunue kwa kukisia. Piga picha kibao cha modeli kwa simu yako, uionyeshe dukani. Hakikisha pia kuna koki mbele na nyuma ya pampu, ili uibadilishe bila kumwaga maji yote. Na kabla ya kugusa chochote, zima umeme.