Kimya cha Barabara Nyeupe

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki hii ningependa tuzungumze juu ya kimya cha barabara za vumbi katika vilima vya mkoa wa Toscana, nchini Italia. Huko watu kutoka pande zote za dunia hulipa fedha nyingi ili waendeshe baiskeli mahali pasipo na magari wala honi.

Nilifika huko kwa mafunzo mafupi ya watangazaji yaliyofanyika Firenze, mji ambao wengi wetu tumezoea kuuita Florence. Jumapili moja mwenyeji wangu, mtangazaji mwenzangu, alinipeleka hadi Gaiole in Chianti, mji mdogo uliojibanza bondeni, tukakodi baiskeli mbili. Baiskeli si ngeni kwangu. Niliianza utotoni, mguu nikiupitisha chini ya bomba la juu kwa kuwa kiti sikukifikia, na nimeibebea maji, mkaa na magunia ya mahindi. Lakini kupanda baiskeli bila mzigo, na bila kutumwa popote, hilo ndilo lililokuwa geni.

Kutoka Gaiole njia inapanda na kushuka kama mawimbi. Unaanza na lami, kisha lami inakoma na mbele yako inatandazwa barabara ya changarawe, nyeupe kama chokaa. Wenyewe huziita "strade bianche", yaani barabara nyeupe. Huku kuna mizabibu, kule kuna mizeituni, na juu ya vilima kuna safu za miti ya saiprasi, mirefu na myembamba, kama watu waliosimama foleni. Tulipanda hadi kwenye ngome ya Brolio, mimi nikihema kama mvukuto wa mhunzi, na kwa muda wa nusu saa hatukupishana na gari hata moja.

Nikamwuliza mwenzangu: "Nchi tajiri kama hii, imekuwaje barabara hizi zisitiwe lami? Na wenye mashamba haya wako wapi?" Tulikaa chini ya mti, akaanza kunisimulia. Mengine nimeyasoma baadaye.

Ngome ile ya Brolio ni ya ukoo wa Ricasoli. Mmoja wao, Bettino Ricasoli, aliyeishi tangu 1809 hadi 1880, alikuwa Waziri Mkuu wa pili wa Italia iliyoungana, na anakumbukwa pia kwa kuweka mchanganyiko wa zabibu za kutengenezea mvinyo wa Chianti. Mashamba ya matajiri wa Toscana, ya Brolio yakiwamo, yalilimwa kwa mkataba ulioitwa "mezzadria", wenye asili yake katika karne za kati. Tajiri alitoa ardhi na nyumba. Mkulima alitoa nguvu zake, za mkewe, za wanawe na za wakwe zake. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu.

Mkataba huo ndio uliozaa barabara tunazozisifu leo. Mkulima wa mezzadria hakuishi kijijini. Aliishi katikati ya shamba alilopewa, na kila shamba lilikuwa na nyumba yake ya mawe juu ya kilima chake. Kwa hiyo kila nyumba ilihitaji njia: ya kwenda kwenye kinu, ya kwenda kanisani, na zaidi ya zote, ya kupeleka nusu ya tajiri kwenye ghala lake. Ukitazama ramani ya vilima vile utaona njia zimetapakaa kama mishipa ya jani. Zilikanyagwa na mikokoteni ya ng'ombe, na baadaye na baiskeli.

Maana baiskeli, msikilizaji, kwa Mwitalia wa kawaida ilikuwa riziki kabla ya kuwa mchezo. Mwaka 1948 Vittorio De Sica alitoa filamu ya mtu wa Roma anayeibiwa baiskeli na pamoja nayo kazi yake, na ulimwengu mzima ukaielewa. Na mashujaa wa mbio za baiskeli walitoka kwa watu wa aina hiyohiyo. Gino Bartali, aliyezaliwa mwaka 1914 katika kijiji cha Ponte a Ema karibu na Firenze, alishinda mbio za kuzunguka Ufaransa mara mbili, 1938 na 1948. Baina ya ushindi huo, wakati wa vita, anatajwa kuwa alisafirisha nyaraka za kuwaokoa Wayahudi baina ya Firenze na Assisi, akizificha ndani ya bomba za baiskeli yake na kuwaambia askari kwamba yuko mazoezini. Mwaka 2013, miaka 13 baada ya kifo chake, taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem ilimpa heshima kwa ajili hiyo.

Baada ya vita mambo yakageuka. Wakulima waligoma na kudai haki, na mwaka 1947 fungu lao likapandishwa kutoka nusu hadi asilimia 53. Lakini viwanda vilikuwa vinaita. Pikipiki za Vespa zilikwisha kuingia sokoni mwaka 1946, na gari dogo la Fiat 500 likafuata mwaka 1957. Kijana aliyeona mshahara wa kila mwezi mjini hakutaka tena kugawana ngano na mtu ambaye hakushika jembe. Familia zilifunga virago, nyumba moja baada ya nyingine. Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, na mwaka 1982 sheria nyingine ikaigeuza iliyobaki kuwa ya kukodi ardhi. Nyumba nyingi za mawe zilibaki tupu. Basi serikali gani itamwaga lami kuelekea nyumba isiyotoa moshi?

Hivyo ndivyo barabara zile zilivyobaki nyeupe. Halafu zamani ikaanza kupata bei. Sheria ya mwaka 1985 ilisimamia utalii wa mashambani, na nyumba za wakulima zikageuzwa za wageni. Mwaka 1997 mwenyeji wa huko, Giancarlo Brocci, alianzisha msafara wa baiskeli za kizamani kutoka Gaiole, akauita "L'Eroica", kwa makusudi ya kuzinusuru barabara nyeupe zisifunikwe kwa lami. Walijitokeza waendeshaji 92. Siku hizi huja maelfu, na baiskeli inatakiwa iwe imeundwa kabla ya 1987, wenko za gia zikiwa kwenye bomba la fremu. Mwaka 2007 yakaanza mashindano ya waendeshaji wa kulipwa, yanayoishia katika uwanja wa Piazza del Campo, mjini Siena. Vumbi likapata wafadhili.

Sasa nikueleze kisa kilichonifanya niandike haya. Tukiwa njiani kurudi tulisimama kwenye nyumba moja ya wageni kuomba maji. Mzee wa makamo ya miaka themanini alikuwa akinyweshea nyanya. Mwenzangu alimwamkia na kutafsiri. Alipojua natoka Afrika na baiskeli naijua, alitabasamu, akaonyesha mlango nilikoegemeza baiskeli yangu. "Hapo," akasema, "ulikuwa mlango wa zizi. Ng'ombe walilala chini, sisi tukalala juu yao, watu kumi na wanne. Wakati wa baridi joto lao lilipanda hadi kitandani." Alizaliwa katika nyumba ile. Mwaka 1961 familia yao ilihamia Poggibonsi, akaingia kiwanda cha samani. Sasa amestaafu, na mwenye nyumba mpya humlipa kutunza bustani.

Nikamwuliza kuhusu kimya kile kilichonivutia. Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto. "Hapakuwa na kimya," akasema. "Palikuwa na watoto, majogoo, na baba yangu akigombana na karani wa tajiri." Kisha akanieleza kwamba utotoni mwao waliomba lami miaka yote, haikuja. Usiku mmoja wa mvua mama yake alizidiwa, wakamteremsha kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi kwa daktari, magurudumu yakikwama katika udongo huuhuu tunaousifu. Mama alipona. Lakini baba alisema siku ile kwamba hatazikwa katika shamba la mtu mwingine, na mwaka uliofuata wakahama.

"Na leo ukiletewa lami?" nikamwuliza.

Alicheka. "Leo siitaki. Wageni hawaitaki, na mshahara wangu unatoka kwenye vumbi."

Msikilizaji mpenzi, simlaumu Bwana Brocci. Bila yeye na wenzake pengine njia zile zingepotea, na historia ya wale waliozikanyaga ingepotea nazo. Wala simlaumu mgeni anayekwenda kupumua kule. Mimi mwenyewe nilipumua, nikafurahi. Ninachosema ni kwamba uzuri ule una wenyewe. Kimya kile hakikuumbwa pamoja na vilima. Kilibaki nyuma watu walipoondoka, na waliondoka kwa sababu nusu ya jasho lao haikuwatosha, na barabara iliyowafaa haikujengwa walipokuwapo.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mahali fulani ni pazuri kwa kuwa pametulia, tuulize kwanza nani alikuwa akiishi pale, na nini kilimhamisha. Na tunapoona vijiji vyenye watu na watoto vikisubiri barabara, tusingoje hadi vijana wote waondoke ndipo tugundue jinsi vilivyo vizuri.

Nilipoirudisha baiskeli Gaiole, mwenye duka alinipa kitambaa nijifute. Nilikuwa mweupe kutoka viatuni hadi kwenye nyusi. Nilijipangusa polepole, nikimfikiria mama yule juu ya mkokoteni.